GARI LA KIJIJI LIKIKATA EKSELI, TUFANYEJE?



Katika vijiji vyetu bado yako magari ya zamani ya Land Rover. Asubuhi gari hubeba mahindi. Mchana hubeba saruji ya shule. Usiku hubeba mgonjwa. Gari likisimama, kijiji kizima kimesimama.

Magari haya yana ugonjwa mmoja ambao kila dereva anaujua. Hukata ekseli ya nyuma. Likikata mara mbili tatu, watu huitana mkutanoni na kusema, "Tuchange fedha, tulitie difu kubwa." Wazo hilo si baya. Lakini lisipofanywa kwa hesabu, fedha za wanakijiji zitapotea, na pengine maisha ya mtu pia.

Yaliyotokea katika kijiji kimoja

Mwaka mmoja nilikwenda kukagua madarasa ya kisomo katika kijiji kimoja. Walikuwa na Land Rover ndefu, ile ya 109. Baada ya kuuza mahindi walichanga fedha. Fundi akawaletea difu iliyotoka kwenye gari lingine, jipya kidogo. Akaifunga nyuma. Mbele akaacha difu ya zamani.

Wiki ya kwanza watu walifurahi sana. Gari lilikimbia kuliko zamani, na sauti ya injini ilipungua. Wote wakamsifu fundi.

Kisha mvua zikanyesha. Usiku mmoja mama mjamzito alishikwa na uchungu. Nami nilikuwamo ndani ya gari hilo. Tulipofika mtoni dereva akaingiza fowili. Katika matope gari lilikwenda kwa kurukaruka, kama ng'ombe wawili wa jembe wasiopatana. Tulipopanda ukingo mkavu, tukasikia mlio: Tah! Ekseli imekatika.

Yule mama tulimbeba kwa machela hadi zahanati. Alijifungua salama, tunamshukuru Mungu. Lakini njiani kila mtu alijiuliza: tumetoa fedha zetu zote, mbona gari limekuwa bovu kuliko mwanzo?

Jibu lake ni hesabu ndogo tu. Lakini kwanza tujue maneno matatu.

Maneno ya kujua

Propela: chuma cha mviringo chini ya gari, kinachopeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu.

Difu: meno ya chuma ndani ya kile kibuyu kilicho katikati ya magurudumu. Difu huchukua mzunguko wa propela na kuugawa kwa gurudumu la kulia na la kushoto.

Ekseli: fimbo ya chuma iliyo ndani ya bomba, kutoka kwenye difu mpaka kwenye gurudumu. Ziko mbili nyuma na mbili mbele.

Hesabu ya difu

Difu ya Land Rover ya zamani ina hesabu ya 4.7. Maana yake, propela ikizunguka mara 4.7, gurudumu huzunguka mara 1. Difu ya Range Rover za zamani ni 3.54. Difu hii huingia katika kibuyu cha Land Rover nyingi za zamani bila kukata wala kuchomelea chuma. Ndiyo maana inashawishi mafundi.

Sasa tazama. Ukiingiza fowili katika Land Rover hizi, propela ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja. Zote huzunguka sawasawa. Tuseme zote zimezunguka mara 470.

Mbele, kwenye difu ya 4.7, magurudumu yatazunguka mara 100.

Nyuma, kwenye difu ya 3.54, magurudumu yatazunguka karibu mara 133.

Je, gari moja linaweza kwenda safari mbili kwa wakati mmoja? Haliwezi. Nyuma kunasukuma, mbele kunazuia. Kwenye matope tairi huteleza kidogo, kwa hiyo gari husogea. Likifika penye ardhi kavu, tairi hazitelezi tena. Hapo lazima kitu kikatike.

Basi shika neno hili moja: difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja. Ukibadili hesabu ya nyuma, badili na ya mbele.

Namna ya kuhesabu wenyewe

Kazi hii inataka watu wawili na kipande cha chaki.

1. Weka gari mahali tambarare. Zuia magurudumu kwa mawe makubwa, mbele na nyuma.
2. Inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki. Lile jingine libaki chini. Weka na gogo imara la kushikilia gari. Jeki peke yake isiaminiwe.
3. Toa gia zote, pamoja na fowili. Achia breki ya mkono.
4. Chora alama ya chaki kwenye tairi, na nyingine kwenye propela.
5. Mmoja azungushe gurudumu lililoinuliwa mara 2 kamili. Mwingine ahesabu propela akiwa pembeni, asiingie chini ya gari.

Propela ikizunguka mara 4 na zaidi ya nusu, hiyo ni 4.7. Ikizunguka mara 3 na nusu, hiyo ni 3.54. Pimeni na mbele vivyo hivyo. Huko mbele kama gari lina vifungo vya fowili kwenye magurudumu, vifungeni kwanza.

Kwa nini ekseli hukatika?

Kabla ya kununua chochote, jiulizeni swali hili. Mara nyingi kosa si la chuma. Ni letu sisi.

Gari limejazwa magunia kupita kiasi. Dereva ameachia klachi ghafla. Gurudumu limezunguka ovyo kwenye matope, kisha likashika jiwe kwa ghafla. Au tumefunga tairi kubwa kuliko zile za gari. Tairi kubwa huisumbua ekseli, kama vile mpini mrefu unavyolegeza msumari kwa urahisi.

Tena fikiri hivi: ekseli ya zamani ni nyembamba, lakini hutolewa upesi. Hufungwa kwa bolti 6 kwenye gurudumu, na huvutwa nje bila hata kupiga jeki. Ukitia ekseli ngumu sana na kuendelea kuendesha vibaya, sasa litavunjika jino la difu au la giaboksi. Hapo gharama ni kubwa zaidi.

Na ekseli iliyokatika isichomelewe. Moto huharibu ugumu wa chuma kile. Itakatika tena, na safari hii huenda ukiwa na mgonjwa.

Mkiamua kubadili

Iko njia nzuri. Land Rover ndefu nyingi za Series III, zilizotengenezwa toka 1971 hadi 1985, zilifungwa nyuma difu kubwa iitwayo Salisbury. Ekseli zake ni nene, na hesabu yake ni ile ile 4.7. Kwa hiyo inapatana na difu ya mbele.

Utaitambuaje? Nenda nyuma ya gari, tazama kile kibuyu. Salisbury ina kifuniko nyuma kilichofungwa kwa bolti. Ile ya kawaida ni laini nyuma, haina kifuniko cha kufungua.

Mkiinunua kutoka gari lililokufa, chukueni kitu kizima, siyo meno peke yake: bomba lake, ekseli zake, na yu-bolti pamoja na vyuma vinavyoishika kwenye springi. Chukueni na propela yake. Pua ya Salisbury ni ndefu, kwa hiyo propela ya zamani haitaenea. Tieni oili ya difu, namba 90. Difu ya kawaida hunywa lita 1.75. Salisbury hunywa lita 2.5. Fundi asikisie.

Hatari ya breki ya mkono

Sikilizeni hili vizuri. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika propela. Ekseli ya nyuma ikikatika, propela inaweza kushikwa kabisa na bado gari likateremka! Vivyo hivyo ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Kwa hiyo dereva awe na mawe au vigingi viwili ndani ya gari siku zote.

Ikikatika njiani, zuia magurudumu kwanza. Vuta vipande vya ekseli nje, na ziba tundu kwa kitambaa safi. Kisha ingiza fowili. Magurudumu ya mbele yatavuta gari. Nenda polepole hadi nyumbani.

Yule fundi hakuwa mwizi. Hakupiga hesabu, na sisi hatukumwuliza. Sasa tunajua kusoma, na tunajua kuhesabu. Fundi akija na difu, mwulize mbele ya mkutano: "Hesabu yake ngapi?" Asipojibu, fedha zibaki mfukoni.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Difu ya mbele ni 4.7 na ya nyuma ni 3.54. Kwa nini gari hili linaweza kwenda vizuri barabarani, lakini likaharibika likiingizwa fowili?
2. Gari la kijiji chenu hubeba magunia mangapi? Nani anayahesabu?
3. Dereva wenu ana mawe ya kuzuia gari? Nendeni mkatazame leo.