Ustadi wa Mchezaji na Alama za Mhusika: Igizo Dhima katika Upimaji wa Kiswahili kwenye Mwambao wa Rumonge

Ikisiri
Makala haya yanafafanua tofauti kati ya ustadi wa mchezaji na alama za mhusika katika michezo ya uigizaji ya mezani, kisha yanaihusisha na upimaji wa Kiswahili cha mazungumzo nchini Burundi. Hoja kuu ni kwamba igizo dhima lisilobainisha kinachopimwa linaweza kumpa mtahiniwa alama za jambo lisilo lugha.

1. Utangulizi
Rumonge ni mji wa bandari kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura. Kiswahili kilienea mwambao huu pamoja na biashara ya karne ya 19 iliyokuwa na kitovu chake Ujiji, na hadi leo husikika sokoni na mialoni. Katika vilima vya bara, Kirundi ndicho lugha ya takriban kila mtu. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2021 Wakuu wa Nchi waliidhinisha Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya. Swali la nani atambuliwe kuwa anajua Kiswahili, na kwa kipimo kipi, limekuwa la kisera.

2. Mchezaji na mhusika
Katika bao hakuna dadu wala mhusika. Ushindi hutegemea hesabu ya mchezaji mwenyewe. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ulileta utaratibu tofauti. Mchezaji humwakilisha mhusika mwenye sifa sita: nguvu, akili, busara, ustahimilivu, wepesi na haiba. Kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu, hivyo alama zake zilikuwa kati ya 3 na 18.

Mhusika anapovunja mlango, hakuna anayemtaka mchezaji anyanyue meza. Ugumu huanza mhusika anapomshawishi mlinzi wa lango, kwa kuwa hapo mchezaji hulazimika kufungua kinywa. Mchezaji mwenye haya aliyepewa haiba ya 18 ataonekana dhaifu. Msemaji hodari mwenye haiba ya 5 atapita bila kizuizi. Wapo wanaotaka hotuba iamue, na wapo wanaotaka dadu iamue. Njia ya kati ni mchezaji kueleza hoja yake, msimamizi akakadiria ugumu kulingana na hoja hiyo, kisha dadu na alama za mhusika zikakamilisha uamuzi.

3. Mtahiniwa na kadi yake
Katika igizo dhima mambo hugeuka: mhusika ni vazi tu, na anayepimwa ni mchezaji. Chukulia kadi isemayo kwamba mtahiniwa ni mchuuzi wa ndagala na mteja anataka apunguziwe bei. Mtahiniwa aliyekulia mwaloni Rumonge atatania, atabembeleza na kumrudisha mteja aliyekwisha kugeuka, ingawa huenda akachanganya /l/ na /r/, sauti ambazo Kirundi hakizitofautishi kimaana. Aliyejifunza shuleni Gitega atapatanisha ngeli bila kosa, lakini atanyamaza mteja anapoondoka, kwa sababu hajawahi kuuza samaki.

Mtahini akituza biashara iliyofanikiwa, amepima uchuuzi. Akihesabu makosa ya upatanisho pekee, amepuuza umilisi wa kimawasiliano alioufafanua Dell Hymes mwaka 1972: kujua la kusema, kwa nani, na wakati gani.

4. Mapendekezo
Kwanza, kadi itoe taarifa zote za biashara: bei ya kuanzia, bei ya mwisho, na sababu ya kutoishusha zaidi. Pili, usahihi wa sarufi, ufaafu wa kauli na kueleweka vipewe alama mbalimbali, na matokeo ya mapatano yasipewe alama yoyote. Tatu, kila mtahiniwa aigize mandhari mbili, moja ya mwaloni na nyingine ya ofisini, ili mazoea ya mahali pamoja yasimpendelee. Nne, mchanganyiko wa /l/ na /r/ upunguze alama pale tu unapopotosha maana, kama vile kati ya "kula" na "kura".

5. Hitimisho
Cheti cha lugha kinaweza kumfungulia mtu kazi ya ualimu au ukalimani, au kumfungia. Kabla ya kuandaa maswali, waandaaji wa mitihani hawana budi kuandika bayana ni sehemu gani ya igizo inayotoka kwenye kadi na ni ipi inayotoka kwa mtahiniwa. Sehemu ya pili pekee ndiyo inayostahili kupimwa.