Sindano Ndogo na Makovu ya Sachangwan

Jumamosi ya tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikimbilia petroli wakiwa na ndoo na mitungi, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wengine wengi walipona wakiwa na makovu. Hao ndio ninaowaandikia, pamoja na kila aliyeungua kwa chai, uji au jiko la mkaa.

Mimi ni muuguzi wa vidonda katika sehemu hizi za Molo na Nakuru. Kidonda kikishafunga, swali huwa lile lile: "Sista, hizi sindano za uso tunazoona kwenye simu, zinaweza kunitolea hii alama?" Ni swali la haki. Aliyeungua uso anataka kupanda matatu bila kukodolewa macho.

Matibabu hayo huitwa maikronidilingi. Mhudumu hupaka krimu ya ganzi, halafu hupitisha kalamu ya umeme au rola yenye sindano nyembamba inayotoboa ngozi vitundu vingi vidogo. Kwa kovu nene la moto, sindano huweza kuingia hadi milimita 3. Damu kidogo hutoka, na mwili huanza kujitibu: chembe sahani hutoa ishara, nazo seli za ngozi hutengeneza kolajeni mpya. Kolajeni ya kovu la moto imekakamaa na kulala upande mmoja. Ile mpya hujipanga polepole, kovu likalainika. Kazi hiyo huchukua miezi, ndiyo maana vipindi huachanishwa kwa wiki 4 hadi 6. Anayekuahidi uso mpya kabla ya Krismasi anakudanganya. Kovu hupungua ugumu, halifutiki.

Mmoja wa waanzilishi ni Mwafrika: Desmond Fernandes, daktari wa upasuaji kutoka Cape Town, aliyeanza kutumia sindano hizi katika miaka ya 1990. Mwaka 1997, Camirand na Doucet wa Kanada waliandika jinsi mashine ya tatuu isiyo na wino ilivyolainisha makovu. Baadaye Matthias Aust na wenzake huko Ujerumani walitumia njia hii kwenye makovu ya moto.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi njia hii ina faida moja kubwa. Leza hufanya kazi kwa mwanga unaogeuka kuwa joto, na melanini huunyonya mwanga huo, kwa hiyo ngozi nyeusi huweza kuachwa na madoa. Sindano haziunguzi na ngozi ya juu hubaki karibu nzima. Madoa yanaweza kutokea bado, ila si kwa urahisi ule.

Hata hivyo wapo ninaowakataza au kuwaambia wasubiri. Wa kwanza ni mwenye keloidi, lile kovu linalovimba na kupita mipaka ya kidonda cha awali, na sisi Waafrika tunalipata kuliko wengi. Ukilitoboa unaweza kulikuza. Kama sikio lako lilivimba ulipotogwa, mwambie daktari kabla hajagusa uso. Mwenye chunusi zenye usaha au upele wa malengelenge asubiri apone. Anayetumia isotretinoini au dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza aliyemwandikia. Kovu lenyewe pia liwe limekomaa, jambo ambalo kwa jeraha la moto huweza kuchukua mwaka au zaidi. Na kama kovu limekunja kiwiko au kuvuta shingo, hilo ni la daktari wa upasuaji na wa viungo. Nimeona watu wakilipia sindano huku mkono haunyooki, na inaniuma.

Linalonitia hofu zaidi ni damu. Mwaka 2018 saluni moja ya Albuquerque, Marekani, iliyotoa huduma ya sindano za uso, ilifungwa baada ya mteja kupatikana na virusi vya Ukimwi. Wachunguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina juu ya meza ya jikoni, na mabomba ya sindano yasiyo na vifungashio. Mwaka 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kilieleza kwamba maambukizi ya wateja kadhaa yalihusishwa na huduma hiyo. Kwa hiyo, uwe Nakuru au Nairobi, kichwa cha sindano kifunguliwe mbele ya macho yako na kitupwe ukiwa bado umekaa pale. Wakikataa, ondoka.

Baada ya hapo kazi ni yako. Vitundu vikiwa wazi, chochote unachopaka huzama ndani. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake 3 waliopata vinundu usoni baada ya kupakwa bidhaa za ngozi wakati wa sindano. Mojawapo ilikuwa seramu ya vitamini C. Siku za kwanza tumia maji safi na mafuta mazito yasiyo na manukato. Vipodozi, sabuni kali, krimu za asidi na retinoli zisubiri. Krimu za kung'arisha zenye zebaki zisikaribie uso huo hata siku moja.

Halafu jua. Sachangwan ni baridi, na baridi hiyo hutudanganya. Tuko karibu na ikweta, juu ya mita 2,000, na kila mita 1,000 unazopanda huongeza miale ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10. Anayepalilia viazi bila kofia anachoma kovu lake upya. Vaa kofia pana, na ngozi ikishafunga paka krimu ya kuzuia jua yenye kinga (SPF) ya 30 au zaidi, hata siku ya mawingu.

Na kama pesa ni kidogo, anza na usingaji wa kovu kila siku kwa mafuta, na karatasi ya silikoni ikipatikana. Hivyo hulainisha makovu mengi bila kutoboa chochote.

Ukishachomwa sindano hizi, wekundu na uvimbe wa siku mbili tatu ni kawaida. Kwenye ngozi nyeusi sana wekundu huonekana kama weusi au zambarau. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, usaha ukatoka au homa ikapanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na utaje ulichopakwa na mahali ulipochomwa.