Nilipata C, nikaingia saikolojia kwa mlango wa diploma

Matokeo ya KCSE yalipotoka nilikuwa na C. Ni ile gredi ambayo jirani akikuuliza, unasema "nimepita" halafu unabadilisha mada. Nilitaka kusomea saikolojia, lakini mlango wa shahada hapa Kenya hufunguka kwa C+ kwenda juu.

Baadaye niligundua kwamba foleni yetu ni ndefu. Katika KCSE ya 2024, waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391, ilhali waliofanya mtihani walizidi 960,000. Yaani kati ya kila wanne, watatu hawakufikia gredi hiyo.

Mama hakutaka kusikia habari ya kurudia kidato cha nne. "Chuo ni chuo," aliniambia. "Mradi ukitoka huko uwe unajua kazi." Diploma huanzia C-, kwa hivyo nikapanda matatu Homa Bay, tukapitia Rodi Kopany, Rongo na Awendo, nikashuka Migori na godoro na sanduku la chuma. Kozi yangu ilikuwa saikolojia ya ushauri nasaha. Kijijini habari zikaenea kwamba nimeenda kusomea mambo ya janeko, yaani mwendawazimu. Binamu yangu akauliza kama nitaajiriwa Mathari.

Nilidhani ushauri nasaha ni kutoa ushauri. Wiki ya kwanza mwalimu alitupiga marufuku kusema "usijali, yataisha." Tulikaa wawili wawili, mmoja anaongea, mwingine anasikiliza bila kumkatiza. Jaribu hilo na rafiki yako kwa dakika 20 tu, utaona ni kazi ngumu kiasi gani. Tulisoma ukuaji wa mtoto, nadharia za Freud na Piaget, mbinu za Carl Rogers, takwimu ambazo zilinitoa jasho, na maadili ya kutunza siri.

Mafunzo ya nyanjani nilifanyia katika kituo cha afya kaunti ya Homa Bay. Sitasimulia ya mtu yeyote niliyekutana naye, maana siri ndiyo somo la kwanza. Ninachoweza kusema ni kwamba Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu zaidi vya HIV nchini. Kando ya ziwa, jaboya, ile biashara ya samaki kwa ngono, si stori ya kale. Mtu anayeambiwa majibu yake ya vipimo leo anahitaji dawa, lakini pia anahitaji mtu wa kukaa naye kabla hajatoka pale mlangoni. Na mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kama mtu huyo hapelekwi seli tena, basi lazima awepo wa kumpokea.

Mwezi huo huo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Huku kwetu, washauri wengi waliajiriwa na miradi inayotegemea pesa hizo. Baadhi ya wale waliokuwa wakinifunza kazi waliambiwa wakae nyumbani. Mmoja wao, mtu wa diploma na uzoefu wa miaka mingi, alinionyesha matangazo ya kazi kwenye simu yake. Moja baada ya jingine yalitaka shahada. "Usikwame hapa nilipokwama," akaniambia.

Hapo ndipo nilipoanza kuulizia chuo kikuu, nikakuta mambo ambayo ningeyajua mapema yangenipunguzia machungu. Diploma iliniruhusu kuomba nafasi bila ile C+, sawa. Lakini kuhesabiwa masomo uliyokwisha kufanya ni suala jingine kabisa. Idara hulinganisha somo lako na lao, moja kwa moja, ikitumia muhtasari wa kozi. Mihutasari yangu miwili nilikuwa nimeifungia mandazi. Nililazimika kurudi Migori kuomba nakala.

Hata hivyo nilibahatika. Nilikubaliwa kuanzia mwaka wa pili. Msichana tuliyekuwa naye kwenye foleni alisomea chuo kingine, sikitaji. Kozi yake haikuwa imeidhinishwa. Karo ya miaka miwili, iliyotokana na ng'ombe wa nyumbani, ilienda hivyo. Alitoka ofisini bila kulia, na hilo lilinitisha zaidi.

Kwa hivyo wewe uliye na C au C- na unafikiria njia hii, kabla hujalipa hata shilingi, uliza mambo manne. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, na kozi yenyewe imeidhinishwa? Nani anatunga mtihani wa mwisho na kutoa cheti? Chuo kikuu unachokitaka kitayahesabu masomo mangapi? Piga simu uulize idara yenyewe, usimwulize anayekuuzia kozi. Na la nne, Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, iliyoundwa chini ya sheria ya 2014, inataka cheti gani ili ikusajili? Bila usajili huwezi kufungua ofisi ukajiita mshauri nasaha.

Kuhusu karo, KUCCPS hupeleka wanafunzi pia kwenye vyuo vya kiufundi, na HELB hukopesha wanafunzi wa huko. Usisahau basari ya NG-CDF na ya kaunti. Fomu zikitoka, usingoje siku ya mwisho.

Na si lazima uende mbali. Rongo, kaunti ya Migori, ina chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka wa 2016. Homa Bay kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Angalia kwanza kama wana kozi unayoitaka.

Je, nimechelewa? Wenzangu wa C+ wanamaliza, mimi ndio naanza mwaka wa pili. Lakini kuna siku darasani mhadhiri aliuliza nani amewahi kukaa na mtu aliyepokea habari mbaya. Tulikuwa wengi mle ndani, na mikono iliyoinuka ilikuwa mitatu. Wote watatu tulikuwa tumepitia diploma.

Juzi binamu yangu alinipigia simu usiku. Hakutaja Mathari. Alisema tu, "Uko na dakika kidogo?" Nikakaa chini, nikanyamaza, nikamsikiliza.