Kutafuta Hitilafu ya Mtandao wa Kebo Baada ya Umeme Kupanda Ghafla

Aghalabu mambo huwa hivi. Umeme hukatika mvua inaponyesha, nyumba ikakaa gizani robo saa, kisha ukarejea kwa kishindo. Taa zikameremeta kupita kiasi na pengine balbu moja ikapasuka. Baadaye tarakilishi huwashwa ikawaka salama salimini. Faili zote zipo, ila mtandao haupo. Fundi wa kwanza kuulizwa huenda akatoa hukumu papo hapo kwamba ubao mama umeungua na hauna budi kubadilishwa. Kwa mwanafunzi aliyebakisha sura moja ya tasnifu na fedha za kumfikisha mwisho wa mwezi, hukumu kama hiyo si jambo dogo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi hukumu hiyo hutolewa mapema mno, na kwamba mtumiaji wa kawaida anaweza kuisaka hitilafu yenyewe kabla ya kufungua mkoba.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi madhara yanavyoingia. Umeme wa nyumbani nchini Kenya hukadiriwa kuwa volti 240. Nyumba nyingi hupata waya mmoja tu kati ya nyaya tatu za moto zilizo kwenye nguzo, pamoja na waya wa nyutro. Nyutro hiyo ikikatika, nyumba zinazoitegemea zinaweza kupata umeme unaokaribia volti 415, ambao ndio tofauti iliyopo baina ya nyaya mbili za moto. Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili ni radi. Si lazima ipige nyumba. Ikipiga karibu, huzusha umeme katika waya wowote mrefu wa shaba ulio nje, ukiwemo ule wa simu au wa mtandao. Wakazi wa nyanda za Kisii na Kakamega, ambako radi ni nyingi, wanalijua hili vyema. Hapa ndipo wengi wanapoghafilika: hununua kifaa cha kulinda soketi ya ukutani, wakauacha waya wa mtandao wazi. Mlango mmoja umekomewa, wa pili u wazi.

Kabla ya uchunguzi wowote, plagi zote zichomolewe. Kifaa kinachonuka moshi au ambacho plastiki yake imeyeyuka kisirudishwe kwenye umeme. Kadhalika, kisanduku cha ndani kinachoipa tarakilishi nguvu kisifunguliwe na asiye fundi, kwa maana huhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Mtandao wa kebo ni mnyororo: laini ya nje, modemu, ruta, kebo, tundu la mtandao lililo nyuma ya tarakilishi, na mwisho programu. Kukatika kwa pete moja huonekana kama kukatika kwa mnyororo mzima. Modemu na ruta zizimwe kwa nusu dakika, kisha modemu iwashwe kwanza, na baada ya dakika mbili hivi ruta ifuate. Iwapo ruta haitoi mwanga wowote, mshukiwa wa kwanza ni adapta yake, yaani kile kisanduku kidogo kinachoingia kwenye soketi. Ndicho kinachokutana na umeme wa ukutani mbele ya ruta, na bei yake ni ndogo. Adapta mpya sharti iwe na volti zile zile zilizoandikwa kwenye ya zamani, iwe na mpangilio ule ule wa chanya na hasi, na ampea zisizopungua.

Ruta ikiwaka, kanuni ni moja tu: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tuseme simu ya mkononi inapata mtandao kupitia ruta hiyo bila waya. Basi laini, modemu na ruta kwa jumla ni zima, na uchunguzi uelekezwe kwenye kebo na tarakilishi. Iwapo simu inaiona ruta lakini haipati mtandao, tatizo liko upande wa nje. Kebo ijaribiwe kwa nyingine inayojulikana kuwa nzima, kisha ihamishwe kutoka tundu moja la ruta hadi jingine, kwani hutokea tundu moja likafa na mengine yakasalimika. Endapo kipakatalishi cha jirani kinapata mtandao kwa kebo ile ile na tundu lile lile, ilhali tarakilishi ya nyumbani haiwashi hata taa ya tundu lake, mhalifu ameshikwa.

Hata hivyo, taa si ushahidi wa kutosha. Kebo ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, ilhali ya megabiti 1000 huzihitaji zote. Tundu lililojeruhiwa jozi moja laweza kuwaka na kuzima, au kukataa kabisa kuunganika. Katika mipangilio ya kadi ya mtandao, kasi ikishurutishwa kuwa megabiti 100, tundu lililodhaniwa kufa huweza kufufuka.

Anwani ya tarakilishi nayo husema mengi. Ikianza kwa 169.254, maana yake ni kwamba tarakilishi iliomba anwani na hakuna aliyeitikia. Wapo wanaoshauri ijaribiwe amri ya ping kwa 127.0.0.1, ushauri huo haufai kitu hapa, kwa sababu jaribio hilo huishia ndani ya programu bila kuigusa kadi. Afadhali ijaribiwe anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta ikijibu na tovuti zisifunguke, yaangaliwe mipangilio ya ruta yenyewe: huenda imepoteza jina na nywila za kuunganisha na kampuni ya mtandao.

Tundu likithibitika kufa, ubao mama bado haujastahili kutupwa. Kadi ya mtandao huuzwa peke yake, na ipo adapta ndogo ya kuchomekwa kwenye tundu la USB inayofanya kazi hiyo hiyo. Ila kadi mpya huja na anwani yake ya kiwandani, na mahali ambapo tarakilishi imeunganishwa na modemu moja kwa moja, baadhi ya kampuni huitambua anwani ya zamani tu. Itabidi zipigiwe simu.

Kuhusu kinga, kebo ya soketi nyingi inayouzwa dukani si lazima iwe kilinzi, na kilinzi cha kweli nacho huchakaa kila kinapomeza umeme wa ziada. Tena, pasipo waya wa ardhini kwenye nyumba, sehemu kubwa ya kazi yake hupotea. Waya wa nuru, ulioenea mijini tangu nyaya za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, umepunguza hatari, maana kioo hakipitishi umeme. Lakini katika majengo mengi ya kupangisha waya huo huishia kwenye kisanduku cha ngazini, na kutoka hapo hadi chumbani ni shaba. Ngurumo zinapoanza, zichomolewe zote mbili, plagi na kebo ya mtandao, na umeme ukirejea upewe dakika tano za kutulia kabla ya kitu chochote kuwashwa.