Kompyuta Iliyokumbuka Boma la Zamani

Ng'ombe aliyenunuliwa mnadani hatulii siku za kwanza. Jioni ikifika hugeuza kichwa kule alikotoka, na ua ukiwa dhaifu ataupita arudi. Mtoto yeyote aliyechunga Tarime au Serengeti analijua hilo. Nililikumbuka siku nilipovuka Mto Mara na kufika Mugumu kwa baba mdogo nikiwa na kompyuta ya mtumba iliyoviringishwa blanketi. Niliichomeka ikawaka vizuri, kisha kioo kikaonyesha jina la ofisi moja ya mbali na kudai jina la mtumishi na neno la siri. Baba mdogo, mwalimu mstaafu, alivaa miwani, akasoma, akaniuliza: "Mura, umenunua au umeazimwa?"

Swali lilikuwa la haki. Huku kwetu hata fahali mmoja hasafirishwi bila kibali, na asiye na karatasi hushukiwa. Nilimpa risiti, akaikunja na kuiweka pamoja na hati zake. Muuzaji alikuwa ameniandikia neno la siri kwenye kipande cha karatasi. Nikaliingiza, mashine ikafunguka, na mzee akataka kuanza kazi papo hapo. Ana madaftari matatu ya maneno ya Kikuria aliyoyakusanya kwa wazee wenzake. Kikuria kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili, na kuzitofautisha kwa maandishi kunahitaji alama ambazo kibodi ya kawaida haina. Nilikuja na programu ya kibodi kwenye flashi. Nilipojaribu kuisakinisha, mashine ilikataa: jambo hilo ni la msimamizi. Na msimamizi hakuwa mimi, wala yeye.

Wengi hukwama hapo, wakidhani mashine ni mbovu. Si mbovu. Kompyuta ya ofisi kubwa haikuandaliwa kujitegemea. Tangu Microsoft ilipoleta Active Directory pamoja na Windows 2000, mashine za ofisi nyingi duniani huandikishwa katika kundi liitwalo domeini, na mwenye amri katika kundi hilo ni seva. Seva ndiyo inayojua nani ni nani, nani achapishe, programu ipi isakinishwe na ipi ikatazwe, hata picha gani ikae kwenye kioo. Kompyuta yenyewe ina akaunti yake kule, yenye neno la siri ambalo hakuna binadamu aliyelichagua, na kwa kawaida hulibadilisha yenyewe kila baada ya siku 30. Mtumishi anayeingia kazini asubuhi hudhani anazungumza na boksi lililo chini ya meza. Ukweli ni kwamba boksi linaipelekea seva maombi yake, na seva ndiyo inayoitikia.

Sasa iliwezaje kufunguka Mugumu, ambako seva hiyo haipo? Windows hutunza kumbukumbu ya watu walioingia karibuni, kumi kwa kawaida, ili mwenye laptopu asikwame akiwa safarini. Haitunzi neno la siri lenyewe. Hulipitisha kwenye hesabu ya upande mmoja na kutunza matokeo tu. Ni kama kusaga mahindi: mahindi yale yale yatatoa unga ule ule, lakini hakuna awezaye kuurudisha unga kuwa mahindi. Ukiandika neno lako tena, mashine husaga upya, ikalinganisha unga na unga. Ukifanana, mlango unafunguka, hata seva ikiwa kilomita mia tano. Kwa hiyo kile kikaratasi cha muuzaji kilitufungulia mlango, lakini kilitufungulia kama mtumishi mdogo wa ofisi ambayo hatujawahi kuikanyaga.

Hiyo ndiyo kamba ya kwanza inayoifunga mashine na boma lake la zamani; ya pili ni leseni. Ofisi kubwa hazinunui Windows moja moja; huweka seva ya leseni ndani, na kila mashine hupewa uhalali wa siku 180, ikijaribu kuuhuisha kila baada ya siku saba. Mashine iliyochukuliwa ofisini Januari itaanza kulalamika karibu na Julai: maandishi hafifu pembeni mwa kioo, matangazo yasiyokoma. Mnunuzi atamlaumu fundi, au umeme wa mgao, au mtoto aliyechezea kipanya. Hakuna mwenye kosa kati yao. Siku tu zimetimia.

Inawezekana kuitoa mashine kwenye domeini kwa kubonyeza vitufe vichache, mradi uwe na akaunti ya msimamizi iliyoandikishwa ndani ya mashine yenyewe. Anayekata kamba kabla ya kuwa na akaunti hiyo hujifungia nje. Mimi sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingeishia hapo, kwa sababu ya kitu nilichokiona nilipofungua folda ya nyaraka. Kulikuwa na orodha ya mishahara. Majina, namba za akaunti za benki, makato ya mikopo. Niliifunga folda mara moja.

Watu wale hawajui kwamba maisha yao yalisafiri kwenye blanketi hadi Serengeti. Na si jambo la kwetu peke yetu. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski za mtumba nchini Ghana, na katika moja wakakuta nyaraka za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni ya Marekani inayotengeneza silaha. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taasisi inayouza vifaa vyake chakavu bila kuvisafisha inacheza na siri za watu walioiamini. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kusafisha diski ni kazi ya jioni moja.

Ugumu uko kwenye neno kufuta. Baba mdogo alilielewa haraka kuliko watu wengi niliowahi kuwaeleza, kwa kuwa nilimwelezea kwa rejista ya shule. Ukimkata mwanafunzi jina kwenye rejista, yeye bado amekaa kwenye dawati lake. Ataondoka siku utakapomleta mwingine akae pale pale. Kompyuta ikifuta faili, hukata jina kwenye rejista tu. Kuformati kwa haraka ni kuchana rejista nzima huku darasa limejaa. Dawa ni kuandika juu ya kila dawati. Tulianzisha mashine kwa flashi yenye programu ya kufutia, ikaanza kujaza sufuri kutoka mwanzo wa diski hadi mwisho. Diski ya gigabaiti 500, kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua sekunde 5,000, yaani karibu saa moja na nusu. Zamani walisema uandike juu mara saba; mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unaona mara moja inatosha kwa diski za siku hizi zinazozunguka. Za SSD, zisizozunguka, ni habari nyingine. Hizo hutawanya maandishi kwa siri ili seli zisichakae upande mmoja, kwa hiyo hutumiwa amri maalumu ya kujifuta iliyomo ndani yake.

Wakati sufuri zinamiminika nilimwonyesha mzee kasoro nyingine, ambayo kwa macho yangu ndiyo nzuri kuliko zote kujifunza. Saa ya kompyuta ilisema tuko Januari 2012.

Kwenye mazabodi, ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, kuna betri ya mviringo yenye ukubwa kama sarafu, aina ya CR2032, ya volti tatu. Inalisha kipande cha kwazi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa: ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na tano, hivyo saketi ndogo inayogawa kwa mbili, mara kumi na tano, hubaki na pigo moja tu. Sekunde moja. Ofisini mashine huachwa kwenye soketi usiku na mchana, na hata ikiwa imezimwa, umeme kidogo wa ukutani huilisha saa hiyo, betri inapumzika. Nyumbani tunachomoa kwa kuogopa radi na umeme kupanda na kushuka. Kuanzia hapo betri inabeba mzigo wote peke yake, na ile iliyokwishazeeka hukata roho ndani ya wiki chache. Saa inarudi mwaka mashine ilipozaliwa. Ukijaribu kuingia benki au tovuti yoyote yenye ulinzi, unakataliwa, kwa sababu cheti cha tovuti kimeandikwa siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kwa mashine inayoishi mwaka 2012 cheti hicho bado hakijaanza kutumika. Watu hubadilisha laini, hununua bando jipya, hugombana na mtandao, ilhali kinachotakiwa ni betri inayouzwa hata kwa mafundi wa saa. Sufuri zilipofika mwisho tulizima mashine, tukaibadilisha. Tukapuliza vumbi, tukachomoa kadi ya RAM na kusugua meno yake kwa ufutio wa shule, kama mafundi wafanyavyo, tukairudisha kwa nguvu hadi ikalia.

Juu ya umeme niseme kwa namba. Boksi kama lile likiwa kwenye kazi ya kuandika hula kama wati 60, na kioo wati 20. Saa nne za jioni ni wati-saa 320. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ile ya risasi na asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu kama unataka idumu, na inveta nayo hukata ushuru wake. Kwa hiyo nyumba ya sola inayotaka taa, simu na kompyuta ya mezani itabanwa. Laptopu kuukuu, au zile kompyuta ndogo za ofisini zinazotumia adapta kama ya laptopu, hula wati 10 hadi 25. Kwa asiye na umeme wa gridi, ningemshauri atafute hizo hata kwa bei ya juu kidogo. Baba mdogo ana umeme, basi hilo halikutusumbua.

Wilaya hii ya Serengeti imewahi kufikiria mambo haya kwa kina kuliko wengi wanavyojua. Kulikuwa na mtandao wa majaribio ulioitwa Serengeti Broadband, katika wilaya za Bunda na Serengeti, ukiwakutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo kikuu cha KTH cha Stockholm. Amos Nungu, ambaye baadaye aliongoza COSTECH, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya kazi hiyo mwaka 2011. Mwenzake wa Sweden, Robert Olsson, alikuwa hodari wa kuchukua kompyuta ya kawaida, kuiwekea mfumo mdogo wa Linux, na kuigeuza kuwa ruta, yaani kifaa cha kuelekeza njia za mtandao. Shida iliyowasumbua vichwa ilikuwa wati: namna ya kuufanya mtandao uishi mahali ambapo umeme wenyewe hauna uhakika. Boksi linaweza kubadilishiwa kazi kabisa. Chuma kinabaki kile kile. Kinachobadilika ni amri zinazokiongoza.

Tuweke amri zipi, basi? Fundi wa mjini angenipigia Windows kwa elfu chache, na leseni ingekuwa ya kuvunja. Sikushauri mtu yeyote. Programu ya kuvunja leseni huomba kwanza uzime kinga ya virusi, na ukishaizima hujui nani mwingine ameingia. Mashine yenyewe mara nyingi ina leseni yake halali, chini ya ile ya ofisi: za zamani zimebandikwa stika, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 namba huchomwa ndani ya mazabodi, na Windows mpya huisoma yenyewe. Yetu ilikuwa na stika ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitunza Januari 14, 2020. Windows 10 nayo ilifikia ukomo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai kipande cha usalama ambacho boksi lile halina. Tukachagua Linux Mint. Ni bure, haiombi kibali kwa seva yoyote, na inatosheka na gigabaiti nne za RAM tulizokuwa nazo. Mzee alipouliza kama itajua Kiswahili, nilimweleza kwamba mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa yote kwa Kiswahili. LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, bado inakuja na Kiswahili cha Tanzania.

Nilipakia pia Wikipedia ya Kiswahili kupitia programu ya Kiwix, ambayo husomwa bila intaneti kabisa. Mjukuu wa mzee, aliyekuwa mlangoni muda wote, aliingia na kukaa.

Kibodi ya irabu saba ilikubali bila kudai msimamizi mwingine. Kabla ya hapo, katikati ya usakinishaji, mashine ilikuwa imeuliza iitwe nani. Jina lake la ofisini lilikuwa herufi tatu za idara na namba 07. Baba mdogo alifikiri kidogo, akavuta kibodi, na kwa kidole kimoja akaandika jina la fahali aliyeuzwa ili yeye alipiwe ada ya shule.