Maumivu makali: Kwa nini kuongeza tembe si dawa

MTU anayelalamikia maumivu makali ya mgongo au magoti mara nyingi huondoka katika duka la dawa akiwa na tembe za diklofenaki au ibuprofeni. Maumivu yasipotulia kufikia usiku, wazo la kwanza huwa ni kuongeza idadi: mbili badala ya moja, au aina zote mbili kwa pamoja. Hapo ndipo dawa hizo huanza kumdhuru mgonjwa pasipo kumwongezea nafuu.

Dawa za kundi hili, ambalo pia lina aspirini, naproksini na indomethasini, hutuliza maumivu kwa kupunguza uvimbe. Sehemu ya mwili inapoumia, chembechembe zake hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo hufanya mahali hapo pavimbe, pawe na joto na kuifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi maumivu. Mtaalamu wa Uingereza, John Vane, ndiye aliyeeleza mwaka wa 1971 kwamba aspirini huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, na mwaka wa 1982 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na wataalamu wawili wa Uswidi.

Maelezo hayo ndiyo yanayoonyesha kwa nini dawa hizi zina kikomo. Uzalishaji wa prostaglandini ukishazuiwa vya kutosha, tembe ya ziada haina kazi kubwa iliyosalia. Kwa mtu mzima mwenye maumivu ya ghafla, miligramu 400 za ibuprofeni humpa karibu nafuu yote anayoweza kuipata kutokana na dawa hiyo kwa wakati mmoja. Kuchanganya diklofenaki na ibuprofeni nako hakuna faida, kwani zote mbili hufunga mlango ule ule.

Madhara, kwa upande wake, hayana kikomo. Prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi na kusaidia damu kufika kwenye figo. Mgonjwa anayemeza dawa hizi kwa wingi au kwa muda mrefu anaweza kupata vidonda vya tumbo, kutokwa na damu ndani kwa ndani au kuharibikiwa na figo. Wazee wanaotumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kuongeza mkojo, wamo hatarini zaidi. Moyo nao hausalimiki: dawa ya Vioxx, iliyobuniwa ili isiumize tumbo, iliondolewa sokoni Septemba 2004 baada ya kubainika kwamba iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kuzidharau. Yapo maumivu makali mno ambayo dawa hizi huyamudu vyema. Jiwe la figo linapokwama katika mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu, prostaglandini huongeza mkojo unaotengenezwa na figo, shinikizo nyuma ya jiwe likapanda na mgonjwa akagaagaa kwa uchungu. Sindano ya diklofenaki huukata mzunguko huo kwenye chanzo chake. Ndiyo sababu madaktari wengi huanza nayo, kwani nafuu yake hailingani tu na ile ya dawa za jamii ya mofini, bali pia humtapisha mgonjwa kwa nadra zaidi.

Saratani iliyosambaa hadi kwenye mifupa, kama inavyotokea mara nyingi kwa ile ya matiti na ya tezi dume, ni mfano mwingine. Kuzunguka uvimbe huo mfupa huwaka kwa prostaglandini, na mgonjwa hushindwa hata kugeuka kitandani. Hapa dawa ya kupunguza uvimbe huweza kusaidia, ila si peke yake. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka wa 1986 ulipendekeza kwamba dawa ya kawaida ikishindwa, daktari aongeze kodeini na hatimaye mofini, huku ile ya kwanza ikiweza kuendelea kutumiwa. Mwongozo mpya wa mwaka wa 2018 unaruhusu kuanza moja kwa moja na dawa yenye nguvu iwapo hali ya mgonjwa inahitaji hivyo.

Kwa Wakenya wengi hatua hiyo ya mofini ndiyo iliyokuwa ngumu. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka wa 2010 ilionyesha kwamba ni hospitali chache tu za umma zilizokuwa nayo. Pale mofini inapokosekana au inapoogopwa, diklofenaki hubebeshwa mzigo usio wake, na mgonjwa huishia na maumivu yale yale, pamoja na vidonda vya tumbo.

Kisha kuna maumivu ambayo kundi hili huwa halisaidii sana, yaani yale yanayotokana na mishipa ya fahamu iliyoharibika. Nyayo za mgonjwa wa kisukari zinazochoma kama moto, au maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi kupona, hayana uvimbe wa kupunguzwa. Yanahitaji dawa nyingine, kwa mfano amitriptilini, ambayo hutolewa kwa dozi ndogo na huchukua siku kadhaa au hata wiki kabla ya kufanya kazi.

Mtu mzima hapaswi kupitisha miligramu 150 za diklofenaki kwa siku. Mwanamke aliyetimiza wiki 20 za ujauzito hapaswi kutumia dawa za kundi hili bila agizo la daktari. Na yeyote anayezitumia akiona kinyesi cheusi kama lami, au akitapika kitu kinachofanana na masalio ya kahawa, aache kuzimeza na afike hospitalini siku hiyo hiyo.