Shaba iko ndani ya jani ao juu yake?

Kila mama anayelima lengalenga karibu na mine anajua hii: kamyo zikipita siku mbili, majani yote yanageuka rangi ya udongo. Tunaosha, tunapika, tunakula. Lakini tukishaosha, imebakia nini? Shaba iko juu ya jani paka kama vumbi, ao mmea wenyewe umeivuta kutoka chini na mizizi yake?

Ulizo hilo si la jikoni peke yake. Liliingia hata mu kazi ya profesa mmoja mkubwa, na jibu lilitoka kwetu.

Profesa huyo ni Alan Baker, Mwingereza. Yeye ni fundi wa fiziolojia ya mimea, yaani anachunguza namna mmea unavyokunywa, unavyokula na unavyojilinda. Hakuanza na shaba. Alianza na ua dogo jeupe, Silene maritima, linaloota kando ya bahari kule Uingereza, na pia juu ya udongo uliotupwa na mine za zamani, penye zinki mingi. Juu ya nini mmea mmoja unakufa pale, na ndugu yake anaishi? Mwaka 1978 alitoa maandishi juu ya ulizo hilo. Baadaye alifundisha universite ya Sheffield, kisha akaenda Melbourne, Australia.

Mu mwaka 1981 aliandika makala ambayo wenzake wanaitaja hata leo. Aligawanya mimea ya udongo wa madini mu mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kama sentineli wa mlangoni: linazuia madini yasipande mu majani. La pili ni kama mbeba mizigo: linayavuta na kuyapandisha juu. La tatu ni kama mizani: udongo ukiwa na madini mingi, jani nalo linakuwa nayo mingi, yakiwa kidogo, ni kidogo.

Sasa, mimea ya namna hiyo inaishi wapi kuliko Katanga? Wakubwa wetu waliyajua maua ya shaba, yale yanayoota kwenye vilima visivyo na miti. Mu miaka ya 1950, Paul Duvigneaud wa Bruxelles aliyaandika moja moja. Kisha profesa François Malaisse wa Lubumbashi aliendelesha kazi hiyo pamoja na Robert Brooks wa New Zealand. Baker akajiunga nao: mwaka 1983 walitoa uchunguzi juu ya Silene za namna tatu kutoka Zaïre, namna zinavyovumilia shaba na kobalti. Mu 1989, yeye na Brooks wakatoa orodha ya mimea ibebayo madini kupita kipimo. Kwa shaba, kipimo kilikuwa gramu 1 mu kilo moja ya majani makavu. Mingi ya mimea ya shaba na kobalti mu orodha ile ilitoka huku kwetu.

Lakini mu 2007 watu watatu walifanya kitu ambacho mama zetu wanafanya kila siku: waliosha majani vizuri mbele ya kuyapima. Ni Michel-Pierre Faucon, Pierre Meerts, na ndugu yetu Mylor Shutcha wa Universite ya Lubumbashi. Vipimo vikashuka, vikawa chini sana kuliko vile vya zamani. Kumbe sehemu kubwa ya ile shaba ilikuwa vumbi!

Mwingine angekasirika na kutetea orodha yake. Baker hakufanya hivyo. Mu 2013, yeye na wenzake wanne walitoa makala ya kupanga upya sheria za kazi. Walionya juu ya majani yenye vumbi, na wakaomba kipimo cha shaba na kobalti kishushwe mpaka gramu 0.3 kwa kilo. Mtu aliyetumika miaka mingi hivyo, akakubali kuanza hesabu upya. Hiyo njo elimu.

Na sisi tufanye nini? Kwanza, bamama, kuosha si kazi bure. Tuoshe na maji safi, mara nyingi, na tupande bustani mbali na barabara ya kamyo. Pili, maji yanatoa ile ya juu tu. Ile iliyopandishwa na mizizi haitoki mu beseni wala mu nyungu. Tatu, jani kuwa kijani na zuri si ushuhuda kama udongo ni safi: tumeona kama kuna mimea inayonenepa juu ya shaba yenyewe. Kwa hiyo penye bustani zinapakana na mine, tuombe udongo na mboga vipimwe, na mboga ioshwe mbele ya kupimwa.

Na mtoto wako akikawia kilimani kuangalia maua, usimgombeze mbio. Yule ndugu yetu wa Lubumbashi, kazi yake ni hiyo hiyo.